Tupeane uzoefu: J-Hope wa BTS, wewe ulimfikiaje?

Mtoa mada (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu si wa kubishana nani mkali ndani ya BTS, lile kundi la muziki la vijana saba wa Korea Kusini. Uzi huo upo, umejaa matusi, anayeutaka anajua pa kuupata. Hapa nataka tumzungumze mmoja tu, Jung Ho-seok, huyu anayejulikana kama J-Hope, na kila mtu aseme alimfikiaje.

Nauliza hivyo kwa sababu nimeshawauliza wengi na karibu wote walianza na mwingine. Kuna waliovutwa na sura ya V, kuna waliokamatwa na sauti ya Jungkook, wengine Jin na vichekesho vyake. J-Hope wanamkuta baadaye, kundi likishazoeleka, macho yakichoka kutafuta sura na kuanza kuangalia miguu.

Mimi niko kwenye kikundi cha kucheza, tunaitwa kwenye sendofu, kipaimara, ufunguzi wa maduka. Kuna msimu tuliamua kuweka kipande cha Wakorea kwenye shoo, maana mabinti wa siku hizi wakisikia tu mdundo wanapiga kelele. Tukagawana nafasi. Ya Jungkook na ya Jimin ziligombewa, ya J-Hope nikaachiwa mimi kwa kuwa nilichelewa mazoezini. Nilipofika nyumbani nikapunguza kasi ya video nianze kukariri. Ndugu zangu, jamaa hana mahali anapopumzika. Wenzake wakimaliza pigo wanashusha mkono. Yeye mkono unashuka kwa mahesabu, na bega limeshaanza pigo linalofuata. Nilidhani nimepewa nafasi ya kujazia safu, kumbe nimepewa ya mwalimu.

Na kweli ndiye anayewasimamia wenzake kwenye mazoezi ya kucheza. Kwa wasiomjua: kazaliwa Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, tarehe 18 Februari 1994, baba yake mwalimu. Kabla ya usanii alikuwa anacheza na kikundi cha mtaani kiitwacho Neuron hapo hapo Gwangju, na mwaka 2008 akashinda shindano la kitaifa la kucheza. Mwishoni mwa 2010 akaingia Big Hit, kampuni ndogo ya muziki wakati huo, akiwa mchezaji asiyejua kurapu. Kurapu alijifunzia humo humo bwenini, kwa wenzake RM na Suga. Vijana saba wanalala chumba kimoja, utakosaje kujifunza? Kundi likatambulishwa rasmi 13 Juni 2013.

Haya, nimefungua. Endeleeni.

Binti wa Umoja (Nairobi)

Niaje wadau. Mimi yangu itawachekesha. 2019 nikiwa Form Three, likizo ya Desemba, kila mtu mtaani alikuwa anajirekodi akicheza Chicken Noodle Soup. Kwangu huo ulikuwa wimbo wa Becky G, na huyo kijana mwingine nilidhani ameshirikishwa tu. Binamu yangu ndiye aliniambia, "Wewe, huyo ndiye mwenye wimbo!"

Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwa koridoo ya ploti, keateka akisikia viatu anazima stima ya ngazi. Bando ya kuangalia video tulichanga, mmoja anaangalia, halafu anakuja kufundisha wengine. Sasa fikiria unafundishwa na mtu ambaye ameangalia mara moja kwa simu iliyopasuka kioo. Bado tulicheza.

Baadaye ndio nikasoma habari zake. Wimbo wenyewe asili yake ni Harlem, 2006, na J-Hope ameshaeleza kwamba alipoanza kujifunza kucheza akiwa mtoto, huo ndio waliokuwa wakiuchezea. Akaurudia akiwa mkubwa, kwa Kikorea, Kiingereza na Kihispania. Ukaingia nafasi ya 81 kwa Hot 100 ya Billboard, ile chati ya nyimbo ya Marekani, na kabla yake hakuna mwenzake wa BTS aliyekuwa ameingia humo akiwa bila kundi. Hapo ndio nilirudi nyuma nikatafuta Hope World, ile kazi aliyoitoa bure Machi 2018. Wimbo wa Airplane humo ulinimaliza. Kijana anaimba kuhusu ndoto ya utotoni ya kupanda ndege, na sasa anaishi ndani ya ndege. Mimi wakati huo mbali kabisa nilikuwa nimefika ni Nakuru.

Mwalimu wa Historia (Iringa)

Nimefurahi kuona uzi huu, kwa sababu mimi nilimfikia J-Hope nikiwa darasani, na chaki mkononi.

Tulikuwa kwenye mada ya tawala za kijeshi. Mwanafunzi mmoja, binti mkimya ambaye huwa hanyooshi mkono, akauliza: "Mwalimu, 518 ni nini?" Nikamwambia namba hiyo haimo kwenye kitabu chetu. Akasema imo kwenye wimbo wa BTS, Ma City, wa mwaka 2015, kwenye kipande cha J-Hope. Humo anawaambia watu wabonyeze 062-518.

Nikaenda kutafuta. 062 ni namba ya simu ya mji wa Gwangju, ile ya kuanzia kabla hujapiga. 518 ni tarehe 18 mwezi wa tano. Mei 1980, wanafunzi na wakazi wa Gwangju walisimama kupinga utawala wa kijeshi, wanajeshi wakatumwa, raia wakapigwa risasi mitaani. Wananchi waliushika mji kwa siku kadhaa, hadi jeshi lilipourudisha kwa nguvu tarehe 27. Kwa miaka mingi serikali iliwaita waasi waliochochewa na wakomunisti, na kulizungumza jambo hilo hadharani kulimtia mtu matatani. Ni mwaka 1997 tu ndipo 18 Mei ikawa siku rasmi ya kumbukumbu ya taifa. Han Kang, aliyepata Nobel ya fasihi 2024, naye kazaliwa mji huo huo.

Sasa mpimeni huyu kijana. Ana miaka 21, kundi ndiyo kwanza linaanza kupata jina, kampuni inataka kuuza kila kona ya nchi, zikiwemo kona ambazo mpaka leo watu wanaikejeli Gwangju. Angeweza kuimba kuhusu chakula cha kwao na akaeleweka. Sisemi alifanya mapinduzi, ni kipande kifupi cha kurapu. Ila binti yule kwenye mtihani wa ndani aliandika aya nzima kuhusu Gwangju ambayo hakuna mtu aliyemfundisha, na alama nilimpa.

Mzee wa Kijiwe (Tabora)

Mnanichosha. Mnakariri namba ya simu ya mji wa Wakorea, za wajomba zenu hamzijui. Singeli iko hapa nchini, Manzese, mnaiita ya wahuni. Ingekuwa ya Seoul mngelia machozi.

Dada wa Chumbageni (Tanga)

Shikamoo mzee. Hakuna aliyesema tuitupe singeli. Mimi Jumamosi naruka singeli, Jumapili baada ya misa naangalia J-Hope, na miguu ni hii hii. Tena kwa kasi ya singeli, J-Hope mwenyewe angeomba maji.

Mzee wa Kijiwe (Tabora)

Marahaba. Hapo umesema.

Wa Mvita (Muscat)

Ndugu zanguni, mie nimewaona kwa macho yangu, na sikuwa shabiki.

2019 nilikuwa muuguzi Riyadh. Chumbani tulikuwa mie na Wafilipino, na wale kwa BTS ni kama wana wazimu, Mungu awape afya. Tiketi waliivamia siku ya kwanza, mmoja akaugua tumbo wiki ya tamasha, ndiyo nikapewa nafasi yake kwa nusu bei. Tarehe 11 Oktoba, Uwanja wa Mfalme Fahd. Mkumbuke wanawake Saudia walikuwa wameruhusiwa kuingia viwanjani tangu Januari 2018 tu. Basi uwanja mzima mabuibui meusi, na kila mmoja kashika taa yake ya kishabiki. Mabinti wa Kisaudia wanaimba Kikorea neno kwa neno, wengine wako na mama zao. Mie nimekaa nimejikunyata nikihesabu zamu yangu ya kesho.

Walianza wote saba, kelele, sikuona mtu, nikaona vumbi na taa. Kisha akaja mmoja peke yake, wimbo wa Just Dance. Nikamuuliza mwenzangu, huyu nani? "Hobi!" Hobi ndilo jina la nyumbani wanalomwita mashabiki. Yakhe, yule kijana alikuwa akicheza na akicheka, na kicheko si cha kupaka. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwenye maulidi na chakacha, mtu anayecheza kwa kulazimishwa tunamjua toka mlangoni. Huyu alikuwa akila raha yake, na sisi tumealikwa.

Sasa niko Muscat na jambo moja limebaki: nikipika huwa naweka Just Dance. Mume wangu kashazoea.

Afisa Ustawi (Mwanza)

Mimi nilisita kuandika, kwa sababu nilipomfikia mimi hapakuwa na muziki. Lakini naona mwalimu na dada wa Muscat wamefungua njia.

Mei 2021 tulikuwa na binti wa chuo aliyekuja ofisini kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Kijana mzuri, mchapakazi, simu ina kava lenye picha za vijana wa Kikorea, mimi nikaona mambo ya rika lake. Asubuhi moja akaingia anatetemeka kwa furaha: "Mama, J-Hope katoa hela kwa ajili ya kazi yetu!" Nikadhani ni utani. Akanisomea habari yenyewe. Tarehe 4 Mei, kesho yake ikiwa Siku ya Watoto huko Korea, shirika la ChildFund Korea lilitangaza kwamba J-Hope ametoa won milioni 100 kwa ajili ya watoto wa Tanzania wanaokumbwa na ukatili. Kwa hesabu ya wakati ule ni karibu dola 89,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 200 za kwetu. Fedha hizo zilielekezwa kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono.

Naomba mnivumilie nieleze vituo hivi, kwa sababu watu wanasoma "msaada wa watoto" wanafikiria madaftari na biskuti. Zamani, mtoto akifanyiwa ukatili, mzazi anampeleka polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali. Pale mtoto anaeleza. Wanakwenda hospitali, anaeleza tena kwa daktari. Wanarudi polisi. Wanakuja kwetu ustawi wa jamii, anaeleza mara ya tatu, mbele ya mtu mwingine mgeni, nauli imeisha, na aliyemfanyia pengine ni mjomba anayewasubiri nyumbani. Familia nyingi zilikuwa zinaishia njiani. Hapo ndipo "tuyamalize kifamilia" ilipokuwa inashinda. Kituo cha Mkono kwa Mkono kinawaweka polisi wa dawati, daktari, mshauri nasaha na ustawi mahali pamoja, kwa kawaida ndani ya hospitali. Mtoto anaeleza mara moja, ushahidi unachukuliwa siku hiyo hiyo, matibabu yanaanza.

Kituo chetu hakikuwa kwenye mradi huo, nasema mapema msije mkaniomba picha. Kilichonishangaza ni kijana wa Gwangju kuchagua hili. Kuna mambo mengi rahisi zaidi ya kuchangia, yenye picha nzuri. Ukatili dhidi ya watoto hauna picha nzuri. Na habari ilitoka kwa shirika, bila picha ya msanii amembeba mtoto wa mtu.

Basi nikamwambia binti anionyeshe huyo mtu. Akaniwekea wimbo wake wa Daydream, rangi kila mahali, kijana anarukaruka. Nikamuuliza, huyu huyu? Akasema huyu huyu. Mwaka uliofuata akanitumia Arson, moto umezunguka, uso mweusi wa masizi, hakuna tabasamu hata moja. Hapo nikaona watu wawili ndani ya mmoja, na kwa kazi yangu huyo wa pili nilimwelewa haraka zaidi.

Mtoa mada (Dodoma)

Mama, asante. Nilikuwa naijua hiyo habari kwa mstari mmoja tu. Hiyo ya PF3 na kurudia maelezo sikuwahi kuifikiria.

Kijana wa Katindo (Goma)

Bandugu, salamu toka Goma. Kiswahili yetu munaijua, musicheke. Sie huku batoto banadansa tangu zamani, kila kartie iko na bakundi yake. Mie niliona ile filamu ya J-Hope, Hope on the Street, kwa simu ya rafiki, 2024. Iko vipindi sita. Anaenda Osaka, Seoul, Paris, New York, na anamaliza kwao Gwangju. Kila muji anatafuta badansa ba pale, anacheza nabo. Kitu kilinigusa: mutu iko staa ya dunia, lakini anasimama mbele ya mwalimu kama mwanafunzi, anakosea, anacheka, anarudilia. Boogaloo Kin, mwalimu wake wa popingi wa zamani, iko naye safari yote. Huku kwetu mutu akipata jina kidogo, mwalimu wake hamukumbuke tena. Alirekodi yote mbele ya kuingia jeshi, ikatoka Machi akiwa bado ndani.

Kuruta wa Zamani (Kigoma)

Jeshi limetajwa, ngoja nije.

Mimi nimepita JKT kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo najua kuamka saa kumi alfajiri ukiwa hujui jina lako. Aprili 2023 mdogo wangu wa kike alikuwa analia sebuleni eti J-Hope anakwenda jeshini. Nikamcheka sana. Nikamwambia atarudi, kwao ni mwaka mmoja na nusu tu, kila kijana wa kiume anakwenda, BTS au muuza samaki. Aliingia tarehe 18.

Baadaye mdogo wangu akaniambia wamemfanya mkufunzi msaidizi wa makuruta, Divisheni ya 36 ya askari wa miguu, mji wa Wonju. Hapo nikaacha kucheka. Wakuu, mnajua maana yake? Yule anayetabasamu kwenye video zote ndiye amekuwa AFANDE. Ndiye anayekuuliza kwa nini kitanda chako kina mkunjo. Nilianza kumfuatilia kwa sababu hiyo peke yake, nilitaka kujua kama akitoka atakuwa bado ana kile kicheko.

Alitoka 17 Oktoba 2024 akiwa na cheo cha sajini. Jin, aliyekuwa ametangulia kutoka mwezi Juni, alikuwa getini na maua. Kicheko kilikuwepo. Na tarehe 28 Februari 2025 yuko jukwaani Seoul anaanza ziara ya peke yake, akazunguka Marekani, Mexico, miji ya Asia, mpaka katikati ya Juni ndipo akafungia Goyang. Los Angeles alijaza uwanja wa mpira. Mimi nilipotoka JKT nililala wiki nzima, mama akadhani nimerogwa.

Baba Zai (Illinois)

Wanangu, mimi ni mtu wa Sikinde. Nimekulia DDC, muziki kwangu ni magitaa matatu na tarumbeta. Lakini nina binti, na binti akikua Marekani unajikuta sehemu ambazo hukupanga.

Julai 2022 akaniomba nimpeleke Lollapalooza, Chicago, Grant Park. Jumapili ya mwisho, tarehe 31. Nikauliza nani anapiga, akasema jukwaa moja Green Day, jingine J-Hope. Green Day niliwahi kuwasikia. Huyu mwingine alikuwa amechukua nafasi ya Doja Cat, aliyejitoa baada ya kufanyiwa upasuaji wa koo. Nikawaza, kijana wa kundi la watu saba anawekwa peke yake kufunga tamasha la watu wengi hivi, tena kwa nafasi iliyoachwa na mwingine, albamu yake ina wiki mbili tu tangu itoke. Atatoa wapi saa nzima?

Tulifika asubuhi, kumbe wenzetu wako kwenye kizuizi tangu hakujapambazuka. Jua la Chicago mwezi wa saba lisikieni tu. Binti akagoma kwenda hata msalani asipoteze nafasi. Mimi nikakaa pembeni na mama mmoja wa Kikorea wa makamo, tukagawana maembe, hatukuelewana neno lakini tulielewana.

Usiku ulipoingia akatokea ndani ya boksi. Nusu ya kwanza ilikuwa nzito, nyimbo za albamu hiyo, Jack in the Box, kama More na Arson, mtu anapiga kelele na jasho. Nilishangaa, maana picha zote za chumbani kwa binti yangu kijana huyu anacheka. Halafu akageuza, akaleta zile za zamani za furaha, Becky G akapanda, watu wote wakawa wanaruka hadi ardhi inatikisika. Aliimaliza saa na ushee akiwa anahema lakini hajapoteza pigo. Kwa mtu wa dansi kama mimi, ninachoangalia ni namna mwanamuziki anavyoubadilisha usiku katikati. Wengi wanashindwa. Huyu aliweza.

Binti ndiye aliyenieleza njiani kwamba hakuna Mkorea aliyekuwa amewahi kufunga jukwaa kuu la tamasha kubwa la Marekani kabla ya usiku ule. Nikamwambia basi nisamehe, nilikuja kwa ajili ya maegesho.

Mchokozi (Tanga)

Naomba nichafue hewa kidogo. Jack in the Box ndiyo kazi yake bora, na tangu atoke jeshini ameshuka. Sweet Dreams na Miguel, Mona Lisa, Killin' It Girl na GloRilla, zote za 2025, zote za kutongoza, zote Kiingereza cha redio ya Marekani. Aliyeimba 062-518 yuko wapi? Mwalimu, nisaidie.

Mwalimu wa Historia (Iringa)

Nakuunga mkono nusu. Mona Lisa naiona nyepesi. Lakini usisahau mtu alikuwa ametoka kuishi bwenini na makuruta mwaka na nusu, ana miaka 31 wakati huo. Mwache atongoze.

Binti wa Umoja (Nairobi)

Mchokozi, Killin' It Girl usiisikize, iangalie. Huyo ni dansa kwanza. Wimbo ni sakafu tu ya kuchezea. Ukiisikiza kwa redio peke yake umekula ugali bila mboga.

Baba wa Njiro (Arusha)

Ndugu, nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi sina uzoefu wa J-Hope, nina tatizo la J-Hope. Binti yangu ana miaka 16, anacheza mchana na usiku, anasema anataka kwenda Korea kuwa mwanafunzi wa kampuni hizo za muziki. Nisaidieni kwa ukweli, msinipe moyo wala msinikatishe tamaa.

Mtoa mada (Dodoma)

Mzee wangu, shikamoo. Ukweli ni huu. Kampuni kubwa za kule hupokea maombi kutoka nchi za nje, mengi kwa video, kwa hiyo kuomba si ndoto. Kuna kampuni halali na kuna matapeli wanaojifanya wakala, na anayeomba hela kwanza muogope. Anayechukuliwa anakaa miaka akifundishwa, na wengi hawatoki kamwe, wanarudi kwao na umri umekwenda. Mikataba ilikuwa mibaya zaidi. Mwaka 2009 watatu wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani kuupinga mkataba wao wa miaka 13 na kampuni yao, SM, na baada ya sakata hilo ukatolewa mkataba wa mfano unaoweka ukomo wa miaka saba. BTS wenyewe waliongeza mkataba 2018, wakaongeza tena 2023.

Na hata J-Hope aliwahi kuondoka. Kabla ya kundi kutoka aliacha mafunzo, ni wenzake ndio waliomvuta arudi. RM alimwambia bosi kwamba bila yeye haiwezekani. Wamelieleza wenyewe kwenye filamu yao ya Burn the Stage, na siku hiyo Jungkook alilia. Kwa hiyo hata aliyefanikiwa alikuwa kashafunga begi.

Baba wa Njiro (Arusha)

Marahaba. Nimemsomea yote. Amenijibu kwamba J-Hope naye alikuwa na miaka 16 alipoingia kampuni. Nikaenda kuhesabu, ni kweli. Nikamwambia mwenzako alikuwa ameshashinda shindano la taifa, wewe la kata hujashinda. Sasa anataka nimlipie fomu ya shindano la wilaya, na nimeahidi mbele ya mama yake. Kikundi chenu kina tawi Arusha?

Mtoa mada (Dodoma)

Tawi hatuna, ila Jumamosi ijayo tuna sendofu hapo hapo Njiro. Mazoezi ukumbini saa nane mchana. Mlete, nitampa nafasi ya J-Hope aifanye mbele yetu kwa kasi ya kawaida, tumwone. Avae viatu vya soli laini, sakafu ya ukumbi ule inateleza, na asije na kundi la marafiki zake wa kupiga makofi.

Dada wa Chumbageni (Tanga)

Mrekodi mtuletee. Na mzee wa Tabora aje kuwa jaji.

Mzee wa Kijiwe (Tabora)

Nauli mnatoa ninyi.